Picha ya Mwisho ya Ubatizo

Jumapili ile Rejoice alibatizwa Njombe, kwenye usharika wa bibi yake, na hakuna aliyekumbuka mahubiri, maana mtoto alilia tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Ana miezi mitano, na tangu azaliwe kulia ndiyo kazi yake. Baba yake, Hilario, mpiga picha wa Makambako, alishazoea. Kilio kile angekitambua hata kati ya watoto mia.

Baada ya ibada, familia ilipangwa kwenye ngazi za nyumba ya bibi, Mama Getruda. Ilikuwa saa saba mchana, jua linaunguza huku upepo ukiuma kwa baridi. Hilario alitoa kamera yake ya dijitali, aliyoinunua mkononi kwa mtu. Kamera yenyewe ina mambo yake: ukichungulia kidirishani, mtu anaonekana picha mbili, nawe unazungusha lenzi mpaka zikutane ziwe moja. Alipima mwanga kwenye shali nyeupe ya mtoto isije ikaungua kwa mwanga pichani. Nyuma yao mlango ulikuwa wazi, mweusi tii. Giza hilo angelishughulikia kesho kwenye kompyuta, kama afanyavyo siku zote.

Aliyemkera ni mama mkwe, Mama Getruda huyohuyo. Amevaa sweta jeusi, kaganda katikati ya mlango, hakai, hali, ananong'ona Kibena peke yake. Picha mbili za kwanza Hilario alizipiga hivyohivyo, mama yuko mlangoni. Hilario hakuwa akimpenda sana, tusifichane. Majirani walisema mengi ya uchawi juu ya mama yule na nyumba ile, naye aliyasikia yote na kuyaamini nusu.

"Mama, naomba usogee kidogo. Sweta lako linapotelea gizani, picha inaharibika."

"Niache hapahapa, baba Rejoice."

"Picha moja tu, mama."

Akasogea, kwa kuwa wageni walikuwa wanatazama. Hilario akachungulia. Picha mbili za Irine, mkewe, zikakutana. Za mtoto aliyempakata hazikukutana. Akazungusha lenzi mbele, akarudisha nyuma. Bado watoto wawili, ubavu kwa ubavu. Akailaumu kamera ya mtumba, akabonyeza. Mama Getruda akarudi mlangoni mbio.

Jumatatu asubuhi, sebuleni kwake Makambako, Hilario aliyafungua mafaili ghafi, yale yanayotunza kila kilichoingia kwenye lenzi, hata kilichojificha kivulini. Alichukua picha ya kwanza, akaanza kupandisha vivuli taratibu, giza likipungua. Likajitokeza bega la mama mkwe. Kando ya bega, vidole.

"Ahaa," akasema.

Picha ya pili, vidole vilikuwa vimeshika sweta. Hasira zikampanda. Alijua tu, yale ya majirani yalikuwa kweli.

"Mama yako hamgusi tena mtoto wangu," akamwambia Irine, aliyekuwa amekaa kwenye kochi na mtoto mapajani.

"Mama kafanya nini tena?"

"Njoo uone mkono wake."

Irine akaja, akainama, akatazama sana.

"Mikono ya mama hii hapa, yote miwili. Ameshika Biblia."

Mkono wa tatu ulitokea ndani ya nyumba, nyuma ya mama. Ulikuwa unamsukuma atoke njiani.

Ikabaki picha ya mwisho, ile moja aliyoitaka yeye. Hilario akapandisha vivuli. Picha ikajaa chenga pale mlangoni. Akapandisha tena. Mikono miwili, myembamba, imebeba shali nyeupe. Ndani ya shali, mtoto. Mdomo wazi, analia. Sura ni ya Rejoice. Miguuni soksi za njano, zile ambazo Irine alizifuma mwenyewe kwa ajili ya ubatizo, jozi moja tu.

Na pale ngazini, juani, Irine amempakata Rejoice. Soksi zilezile. Halii. Anatazama lenzi.

Hilario akampigia simu mama mkwe.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba Rejoice. Umeziona picha."

"Mama, ni nani yule?"

"Simjui jina. Kila mtoto wa nyumba hii anapobatizwa, mmoja wetu husimama pale mlangoni mpaka jua lizame. Kwangu mimi alisimama mama yangu." Akakohoa. "Huyo mtoto mliyeondoka naye, analia?"

Hilario akageuka. Tangu watoke Njombe jana, Rejoice hakuwa amelia hata mara moja. Walimshukuru Mungu. Walisema ubatizo umemtuliza.

"Halii, mama."

Na hapo, nyuma ya pumzi za Mama Getruda, mbali ndani ya ile nyumba, Hilario akasikia mtoto analia. Akakitambua kilio.

"Mama, uko na nani huko?"

"Niko peke yangu, mwanangu."

Mchana huohuo walikuwa Njombe. Walifungua kila chumba, wakapekua hadi darini. Nyumba ilikuwa kimya. Mama Getruda alikuwa amekaa kizingitini na sweta lake jeusi, analia bila sauti, na Hilario alipiga magoti mbele yake akaomba msamaha ambao haukuwa na kazi tena.

Irine ndiye aliyeiona, sakafuni nyuma ya mlango. Soksi ndogo ya njano, imelowa mate. Akamshusha mtoto mgongoni, akamfunua miguu.

Alikuwa na soksi zake zote mbili.