Theluji ya Mwezi wa Sita

Ijumaa jioni stesheni ya Kilburn haina adabu. Watu husukumana kana kwamba treni inayokuja ndiyo ya mwisho duniani, na mwenye mzigo hana rafiki. Makena alikuwa ametoka zamu hospitalini, miguu inamwaka moto, mkononi kashika mfuko wa sambusa za moto alizokuwa akizinusa njia nzima. Mara kitu kirefu kikampiga begani, sambusa zikamwagika ngazini, na viatu vya watu wa London vikazimaliza.

Aligeuka na matusi yake tayari. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na koti la bluu la mvua. Mgongoni alibeba mfuko mwembamba uliompita kichwa.

"Aki samahani, dada. Samahani sana!" akasema kijana kwa Kiswahili, maana alikwisha kumsikia akilaani kwa Kiswahili.

"Samahani inaliwa? Na hiyo umebeba ni nini, jeneza la nyoka?"

Kijana alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Ni skii. Za kutelezea kwenye theluji."

"Theluji? Mwezi wa tano?"

"Huu ndio mwezi mzuri. Mwezi wa pili mlima ni wa kila mtu. Sasa hivi ni wangu."

Makena alimkagua aone kama ana akili timamu. Macho yake yalikuwa ya kucheka, lakini si ya dharau.

"Na unaitwa nani, mwenye mlima?"

"Harrison. Wa Nyeri, lakini usinihukumu."

"Makena wa Meru. Nimeshakuhukumu. Lete sambusa zangu."

Alimnunulia nyingine, mara mbili ya zile, kisha akakimbia Euston kuwahi treni ya Skotlandi. Namba ya simu ya Makena alikuwa ameiandika kwenye kiganja cha mkono.

Hayo yalikuwa mwaka wa 1999, na wahenga walishasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mwezi haukuisha kabla ya wauguzi wenzake Makena kuanza kumtania, kwa jinsi alivyokimbilia simu kila ikifika saa ya chakula cha mchana. Harrison alifanya kazi ya kompyuta katika mojawapo ya yale maghorofa ya Croydon, kusini mwa London, na hakuweza kumeza tonge bila kumpigia.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Hebu nieleze tena huo wazimu wako. Unapandaje mlima na mbao miguuni?"

"Siendi kwenye mashine za kuvuta watu. Msimu ukiisha zinafungwa, na hapo ndipo mimi naingia. Nabandika ngozi chini ya skii ili zisirudi nyuma, napanda polepole asubuhi nzima. Juu nabandua ngozi, nateremka."

"Kuteremka kunachukua muda gani?"

"Dakika chache tu."

"Asubuhi nzima kupanda, dakika chache kushuka! Na watu wa Nyeri mnasifiwa kwa hesabu!"

Siku moja tu alimjibu bila mzaha. "Huku Croydon kila siku naulizwa natoka wapi na nitarudi lini. Kule juu hakuna wa kuniuliza, mpenzi. Theluji haijui kama mimi ni mgeni." Makena alimpenda zaidi siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na tangu hapo hakumzuia kwenda.

Mwaka uliofuata Harrison akasema anataka kuoa. Baba yake Makena, mwalimu mstaafu na mjane, alisema kwake posa haipokelewi kutoka kwa mtu asiyeonekana uso. Kwa hiyo mzee akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akafikia kwa dada yake Dinah kule Rayners Lane. Siku ikapangwa: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, saa nane mchana.

Siku tatu kabla, simu ikalia.

"Mrembo, naenda Skotlandi usiku huu. Ijumaa usiku nipo njiani kurudi. Theluji bado imebaki kwenye makorongo, na hii ni mara yangu ya mwisho kabla sijawa mume wa mtu."

"Harrison! Na posa?"

"Kabla wazee hawajafika nitakuwa nimeshakaa kwa Auntie na tai yangu shingoni. Niamini."

Akamwamini. Jumamosi Makena alivaa gauni la kitenge cha kijani na dhahabu, nywele zimesukwa Kilburn kwa mistari myembamba iliyomvuta mpaka macho. Nyumba ya Auntie Dinah ilinukia pilau na mukimo. Wazee wa upande wa Harrison wakafika na suti zao, wakiongozwa na binamu yake Tevin, wakakaribishwa na kukaa. Harrison hakuwepo.

Tevin alipiga simu ya Harrison mpaka kidole kikamuuma. Haikupatikana. Chai ikaja, ikapoa. Mzee mmoja akaanza kusimulia habari za mvua za Nyeri, na hakuna aliyemsaidia kuzimaliza. Mwisho baba yake Makena akasema, "Wageni wale, wasikae na njaa," akawahudumia kwa mkono wake mwenyewe, naye hakugusa chakula. Makena alikuwa jikoni, amesimama na sinia tupu, anasikia vijiko tu.

Harrison alitokea Jumapili jioni, uso umebabuka kwa jua, akapiga magoti kwenye zulia la Auntie Dinah.

"Baba, nisamehe. Ijumaa nilikuwa juu ya mlima, ukungu ukashuka. Kwenye ukungu huoni mguu wako, unaweza kukanyaga hewa. Nililala kule kule mpaka Jumamosi jioni ulipoinuka. Na simu haishiki."

Auntie Dinah alicheka kicheko kikavu. "Ati theluji, mwezi wa sita! Watu wanatembea London na kaptula! Makena mwanangu, theluji hiyo ina jina, na imesuka nywele. Njia ya mwongo ni fupi."

"Auntie, haki ya Mungu, theluji ipo!"

"Na ukungu unababua uso?"

"Hili ni jua la Alhamisi, Auntie."

Makena alitaka kumwamini, na aliona aibu kwa jinsi alivyotaka. Wote wakamgeukia mzee. Mzee aliifuta miwani yake kwa ncha ya shati, taratibu.

"Mimi theluji sijawahi kuiona," akasema. "Siwezi kubisha mwezi wake. Makena aende akaone kwa macho yake. Alhamisi narudi nyumbani, na nataka nirudi na neno moja: ndiyo au hapana."

Jumanne wakawa Aviemore, kule Skotlandi, katika nyumba ya wageni aliyozoea kufikia Harrison, vyumba viwili mbalimbali kwa amri ya Auntie. Walianza kupanda mapema, Makena na koti lake jekundu alilonunua Kilburn, Harrison na skii mgongoni. Walipita nyasi, wakapita mawe, jua linawapiga kisogoni, na kila alipotazama mbele aliona mlima wa kahawia usio na kitu. Je, Auntie alikuwa na haki?

Kisha wakazunguka jabali, na theluji ikawa pale. Ilijaza korongo lote kutoka juu mpaka chini, ndefu, nyeupe mpaka inaumiza macho. Makena alipiga kelele. Alikimbia, akapiga magoti, akaichota kwa mikono miwili. Ilikuwa ya chengachenga kama sukari, na aliila.

"Ipo! Harrison, ipo!"

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia, mpenzi wangu. Uliniambia!"

Harrison alibandika ngozi akapanda mpaka kileleni pa korongo, akawa mdogo kama mbegu ya kisibiti. Aliposhuka hakuwa mtu yule wa Croydon anayeinamisha mabega. Alipinda kushoto, akapinda kulia, hana haraka, na theluji ikichirizika nyuma yake kwa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa. Makena alimtazama akaelewa kwa nini mtu angekuja mbali hivi. Kisha akamfunga na yeye zile skii, na Makena akateremka hatua kumi kwa makalio, akicheka mpaka machozi.

Pale pale chini, wameloa wote wawili, Harrison akamshika mikono. "Utanikubali?"

"Baba ndiye wa kuulizwa," akasema Makena. "Lakini mimi nimekubali."

Waliporudi nyumba ya wageni hakungoja hata kuvua viatu. Aliomba simu ya mwenye nyumba, akapiga Rayners Lane.

"Baba, theluji ipo! Nimeikanyaga, nimeila!"

"Basi kijana nimemkosea. Nilimshuku mbele za watu. Nipe yeye."

Makena akampa Harrison simu, akasimama karibu, kichwa begani kwake. Alisikia sauti ya baba yake, nyembamba, ikisema kutoka mbali: "Mwanangu, mimi ni mzee, na mzee akikosa huomba radhi kama mtu mwingine. Nisamehe."

Harrison aliuzungusha waya wa simu kidoleni. "Hakuna neno, Baba," akasema. "Yameisha."

Jioni, Harrison akiwa anaoga, mama mwenye nyumba alimletea Makena chai na keki mezani. Alikuwa Mskoti mnene, mchangamfu, wa kupenda stori.

"Kwa hiyo ni wewe!" akasema. "Na siku ya leo, kwa uzuri, haizifikii zile za juzijuzi. Ijumaa na Jumamosi hapakuwa na wingu hata moja. Nilikuwa nimeshamwitia teksi ya kumpeleka stesheni Ijumaa jioni. Ameshika mfuko mlangoni, akautazama mlima, akaniambia nirudishe teksi. Nikamwambia, chukua basi simu yangu, piga nyumbani. Akasema atapiga baadaye."

Alisema kwa upendo, kama mtu anayemsifu mtoto mtundu. Makena alishukuru kwa chai. Alikunywa kikombe chote, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Alimkuta Harrison bustanini, taulo shingoni, anapiga mluzi. Jua la kule halijui kuchwa, lilikuwa bado linamulika uso wake wote.

"Jumamosi kulikuwa na ukungu?"

Mluzi ukakatika. Aliangalia dirisha la jikoni, akaelewa.

"Hapakuwa," akasema.

"Kuna mwanamke?"

"Hapana! Haki ya Mungu, Makena, hakuna mwanamke."

"Najua. Angekuwepo ningejua pa kupeleka matusi yangu."

"Nisikilize. Niliiona ile teksi, nikaona maisha yangu yote ndani yake. Tai, wazee, Croydon. Nikasema siku moja tu, moja zaidi. Sikukukataa wewe, mpenzi. Nakupenda."

"Nakuamini."

"Basi nisamehe."

"Hilo la Jumamosi ningekusamehe. Ningekutukana mwezi mzima, halafu ningekusamehe, maana nimeuona mlima. Hata uongo wa ukungu ningekusamehe, uliogopa." Akarudi hatua moja nyuma. "Lakini leo baba yangu amekuomba radhi, Harrison. Mzee wa watu, amejidharau mbele yako. Na wewe ukaipokea. Ukamwambia yameisha."

Harrison akavua taulo shingoni, akalikunja. Kisha akasema, "Nitaziuza hizi skii. Kesho."

"Usiziuze. Skii hazikunidanganya."

Asubuhi alikwenda stesheni peke yake. Harrison alimfuata mpaka getini na koti lake jekundu alilolisahau kitini, akampa, na wakasimama pale kama watu wasiojuana. Alitaka kumgusa. Makena naye alitaka kuguswa, na kwa sababu hiyo akaharakisha.

Kwenye kibanda cha simu cha stesheni akapiga Rayners Lane.

"Mama," akasema baba yake, maana alimwita hivyo kwa heshima ya mama mzazi wa mzee mwenyewe. "Mko njiani?"

"Niko njiani, Baba."

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Kwani theluji haikuwepo?"

"Ilikuwepo, Baba. Ukungu ndio haukuwepo."

Makena alisikia nyuma Auntie Dinah akiuliza kuna nini, na mzee akimnyamazisha.

"Na jana nilimwomba radhi," mzee akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Akasema hakuna neno."

"Ndiyo."

"Pole, mama. Pole sana." Alikohoa. "Ujue nililala vizuri jana. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda."

Tangu Jumamosi Makena hakuwa ametoa chozi la uchungu. Sasa alilia kwa sauti, kipaji cha uso kwenye kioo cha kibanda, na baba yake akakaa kwenye simu akimsikiliza mpaka treni ikaingia.