Tabaka Moja Juu ya Wote

Jumanne moja ya mwaka 1998, binamu yangu Gatimu alikuwa akinywa chai kwa maandazi katika studio ya video ya Alpesh, mjini Nyeri, nami nikipiga domo naye. Akaingia Wachuka, mjane kutoka Gakindu, kuulizia video ya mazishi ya mumewe. Sisi ndio tulioyapiga picha.

“Huyu ni Ngatia, shemeji yangu,” alinong’ona, akigusa kioo cha kompyuta. “Alinifukuza kwa shamba ya kahawa. Sitaki watoto wangu waone uso yake. Toa.”

Kufifisha uso katika kila kipande cha video kungekula siku nzima. Gatimu, mvivu mwenye akili, aliweka filta ya ukungu kwenye tabaka moja juu ya vipande vyote. Kila kilichokuwa chini kingetii. Akachora kisanduku usoni pa Ngatia, akaliacha tabaka lifike hadi mwisho wa video, kisanduku kikibaki palepale.

“Bado namwona,” Wachuka alisema. “Ongeza.”

Akaongeza. Pua ikafifia. Akaongeza tena. Ngozi ikavutika, ikachanika, damu ikatiririka ndani ya picha hadi kwenye kola ya shati. Gatimu aliachia mausi. Filta ikaendelea kupanda yenyewe. Wachuka alikaza kitambaa chake kichwani, akaenda zake.

Kabla ya chakula cha mchana simu ililia. Ngatia amekutwa amekufa kwenye kiwanda cha kahawa, uso umemenywa kama tunda la kahawa. Mashine ya kumenyea ilikuwa imezimwa.

“Sisi pia tulitupa udongo,” Gatimu alininong’oneza.

Huko Gakindu hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kaburini bila kutupa udongo, hata mpiga picha. Kwa hiyo siku ya mazishi Gatimu aliiacha kamera ikiendelea, akasimama palepale aliposimama Ngatia. Mimi nilikuwa kando yake, nimebeba betri.

Sasa Gatimu aliruka kulikata tabaka. Mausi haikusonga. Kwenye kioo, kidevu chake kilianza kutoka. Nikageuka. Ngozi yake ilikuwa ikishuka kifuani, vipande vipande, meno yamebaki wazi. Nilichomoa waya wa umeme. Kioo kikaendelea kuwaka. Nilimkumbatia mpaka akanyamaza. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja, na sikupata kope za kumfumba macho.

Tulimzika bila kufungua jeneza. Alpesh aliichoma ile kompyuta, lakini kanda ya mazishi ya mume wa Wachuka ninayo mimi. Humo Gatimu ni mzima, uso safi, ananitazama. Kisanduku kimehama. Sasa kiko juu ya yule aliyebeba betri.

Asubuhi hii nilipoamka, ngozi ya shavu langu ilibaki kwenye mto.