Ramani Aliyochora Verner

Mume wangu Verner alivua samaki miaka thelathini na nane kutoka bandari ya Thorsminde. Asubuhi alikunywa vikombe viwili vya kahawa, akala mkate mweusi na jibini, akavaa buti, akaenda. Akirudi, wenzake walimuuliza, "Leo ulikuwa wapi?" Yeye alijibu, "Majini." Naye akiwauliza, walimjibu hivyo hivyo. Bandarini kwetu mtu atakuazima injini, atakulelea mtoto mgonjwa, lakini hatakwambia anapovua.

Kisha ikaja barua. Kampuni ya umeme wa upepo ilitaka kusimamisha mitambo baharini, mbali na pwani. Umeme ungeletwa nchi kavu kwa kebo nene iliyozikwa chini ya bahari. Kila nahodha aliombwa achore kwenye ramani mahali anapovua.

Tove Krogsgaard, afisa wa kampuni anayeshughulika na wavuvi, alituletea ramani nyumbani.

"Kebo ikishalazwa, hakuna kukokota wavu juu yake," alisema. "Wala mita mia mbili kila upande. Kwa hiyo nionyesheni sasa. Njia yake bado ni mstari wa penseli tu, unafutika."

"Acha karatasi," Verner alisema. "Nitachora."

Hakuuliza ramani hiyo itaonwa na nani. Laiti angeuliza.

Jioni mdogo wake, Preben, alikuja na ramani yake. Wakakaa mezani kuchora.

"Kaka, hapo ni mchanga mtupu," Preben alisema. "Hata kaa hapiti."

"Na wewe umechora wapi?"

"Mchanga mtupu wa jirani yako."

Wakacheka. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na birika la kahawa. Nilijua Verner alipata samaki wake kaskazini, kwenye bonde dogo chini ya maji. Nilicheka pamoja nao, nikamimina kahawa. Verner akatia sahihi.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Mei, meli ya kulaza kebo ikaja. Ilipita katikati ya lile bonde. Verner alimpigia Tove simu, naye akaja na ile ramani.

"Verner, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulituambia unavua hapa. Kule ilikopita kebo, hakuna nahodha hata mmoja aliyechora kitu. Tuliona ni njia isiyomsumbua mtu."

"Ningechora bonde langu, kesho yake bandari nzima ingekuwa pale."

"Nani angewaambia? Ramani zenu haonyeshwi mtu mwingine. Tunaziunganisha, tunaondoa majina, inabaki picha moja ya bandari yote. Ungeniuliza, ningekujibu."

Verner alitazama kikombe chake. "Sikuuliza," alisema. "Haiwezi kusogezwa?"

"Imeshazikwa, Verner."

Hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililonitesa. Alivua kwingine misimu miwili, akirudi na makreti nusu tupu. Mwishowe akauza mashua. Akawa anakaa kwenye dirisha linalotazama barabara, si lile linalotazama bahari. Alifariki Februari iliyofuata. Daktari alisema ni moyo. Sisemi kebo ilimuua. Nasema miaka yake ya mwisho ingeweza kuwa mingine, na mimi nilikuwepo siku ile, nikanyamaza.

Mwaka jana kampuni ilipanga mitambo mingine. Binti yetu Gitte sasa ni nahodha, na Preben anavua naye. Tove alikuja na ramani mpya, akaitandaza kwenye meza ile ile.

"Baba mdogo, chora wewe," Gitte alisema. "Unaijua bahari kuliko mimi."

Penseli ya Preben ikaanza kwenda kwenye mchanga mtupu. Nikamshika mkono.

"Hapo hamvui, Preben."

"Shemeji, haya ni mambo ya baharini."

"Hata mara ile yalikuwa ya baharini. Nikakaa kimya, na unajua yaliyompata kaka yako. Chora kule kwenye mawe, mnakovua kweli."

"Bandari nzima ikijua?"

"Muulize Tove. Yuko hapa anakunywa kahawa yangu bure."

Preben akauliza. Tove akaeleza tena, polepole, kwamba ramani ya mtu mmoja haonyeshwi mwingine. Preben akachora kwenye mawe, Gitte akatia sahihi, na Tove akatuachia nakala tuiweke. Kisha Gitte akawapitia manahodha wengine sita, mmoja mmoja, akawaeleza alichokisikia. Watano walichora ukweli wiki ile. Wa sita alinuna, akapeleka yake siku ya mwisho kabla ya muda kwisha.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano. Njia ya kebo ilikuwa imesogezwa kilomita nne kusini. Mawe yalibaki huru.

Juzi Gitte alirudi na makreti yamejaa. Akaniletea samaki bapa wawili, nikawakaanga kwa siagi, tukala na viazi.

"Baba angesema nini?" aliuliza.

"Angekununia wiki nzima kwa kutoa siri."

"Halafu?"

"Halafu angeenda kuvua pale," nilisema, "pamoja nawe."