Mishipa ya Coleta

Coleta na mumewe Zenon wanaishi Izia, pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Wanalima mahindi na ulezi. Mwaka juzi jicho moja la Coleta liliingia ukungu. Kisha miguu ikafa ganzi, akawa anaanguka shambani. Hospitali kubwa walimpiga picha ya ubongo.

"Una ugonjwa uitwao MS," daktari alimwambia. "Unashambulia mishipa." Akampa dawa.

Siku moja Zenon alirudi mbio.

"Mama Evans, nimeona kwenye simu! Mishipa ya shingo ndiyo imebana. Nje ya nchi wanaizibua, mtu anapona kabisa. Achana na dawa. Nauza maksai, twende!"

Coleta alilia kwa furaha. Kesho yake hakumeza dawa.

Jirani yao Margareth, muuguzi, alipita kuwajulia hali. Akakuta mnunuzi anakagua maksai.

"Shemeji, kulikoni?"

Zenon akamweleza yote. Margareth akavuta kigoda.

"Shemeji, mishipa ni ya aina mbili. Ipo ya damu, ipo ya fahamu. Ya fahamu ni kama nyaya za umeme. Katika MS, kinga ya mwili inakosea njia, inachubua ganda la nyaya hizo."

"Na ya shingo?"

"Ile ni ya damu. Kweli, madaktari wengine walidhani ikibana huleta MS. Wakafanya utafiti. Wagonjwa wengine walizibuliwa. Wengine walilazwa wakadhani wamezibuliwa, kumbe bado. Hali zao hazikutofautiana. Na kuizibua kuna hatari zake."

Zenon alishika kichwa. "Maksai wangeenda bure!"

"Na mwenzio angebaki bila dawa."

"Hiyo dawa itaniponya?" Coleta aliuliza.

"Haiponyi, dada. Inapunguza mashambulizi. Fanya mazoezi, pumzika jua likiwa kali. Usiache dawa kabla ya kumwuliza daktari."

Mnunuzi aliondoka mikono mitupu. Coleta alimpigia daktari, akarudia dawa. Kila asubuhi Zenon alimshika mkono, wakatembea hadi barabarani. Baadaye Coleta akashika fimbo, akatembea mwenyewe.

Siku ya misa ya mavuno, Coleta alisimama nyuma ya kanisa, kikapu cha ulezi kichwani, fimbo mkononi. Akatembea taratibu hadi altareni. Hakuanguka. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Mke wangu huyo!" Zenon alipaza sauti katikati ya misa. Hakuna aliyemnyamazisha.