Meno ya Chiriku Hayakuwa Machafu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana yake, fundi samani alikagua kinywa cha binti yake.

"Fungua."

Binti alifungua. Alikuwa na miaka tisa. Nyumbani walimwita Chiriku, maana hakujua kunyamaza. Meno yake yalikuwa ya manjano, yenye vishimo kama mbao iliyobunguliwa.

"Hujasugua."

"Nimesugua, Baba. Mpaka damu imetoka."

"Rudia. Uchafu hauombwi kuondoka, unaondolewa."

Chiriku akarudia kwa mswaki mgumu na unga wa mkaa. Mama yake alikuwa akikunja nguo.

"Baba Chiriku, unamsugua mtoto kama stuli."

"Stuli zangu zinang'aa."

Siku hiyo jino la nyuma lilimeguka kwa mkate laini. Maji ya baridi yakamchoma kama sindano. Siku mbili Chiriku hakula, na kubwa zaidi, hakusema. Mama akavaa viatu.

"Twende kwa daktari. Na wewe fundi, weka msasa chini, uje."

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimulika kinywa cha mtoto pole pole.

"Mkemee, daktari," fundi alisema. "Ni peremende na uvivu."

"Sioni uvivu. Naona mtoto anayesugua kupita kiasi." Akamwita fundi asogee. "Tazama hili linalochomoza sasa. Nalo lina vishimo. Jino ambalo halijaonja peremende limeharibiwa na peremende gani?"

Fundi aliinama, akalitazama.

"Jino lina ganda gumu la nje," daktari aliendelea. "Ganda hilo hutengenezwa ndani ya ufizi, kabla jino halijatoka. Mwili huwa na maelekezo ya kulitengeneza. Maelekezo hayo huitwa vinasaba, au jeni. Mtoto hupokea nusu kwa mama, nusu kwa baba. Elekezo likiwa na kasoro, ganda hutoka jembamba au laini. Sasa wewe ni fundi. Meza iliyobandikwa ngozi nyembamba ya mbao, ukiipiga msasa kila siku, itakuwaje?"

Fundi alitazama viganja vyake. "Ngozi itaisha."

"Basi. Katika ukoo wenu, nani mwingine ana meno kama haya?"

Mama akatazama dari. Fundi akageuka ukutani, akaingiza vidole kinywani, akatoa meno yote ya juu. Ya bandia. Chiriku hakuwahi kuyaona nje ya kinywa.

"Yangu yaliisha nikiwa kijana," alisema kwa sauti ya kibogoyo. "Mama yangu alisema ni miwa. Alisema nilikuwa mtoto mchafu. Sikutaka huyu awe kama mimi."

"Hukuwa mchafu. Inaelekea ulirithi."

"Nilidhani mtu hurithi shamba."

"Na meno pia. Wewe huna kosa, naye hana. Kwa jinsi inavyoonekana kwenu, kila mtoto mtakayezaa anaweza kurithi au asirithi, nusu kwa nusu. Mkipata mwingine, mleteni mara jino la kwanza likichomoza."

Alimpa Chiriku mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi. Mkaa akaupiga marufuku. Katika miezi miwili iliyofuata, meno ya nyuma yalivikwa kofia za chuma, na ya mbele yakafunikwa kwa kitu cheupe kinachoshika kama gundi.

Walipotoka mara ya mwisho, fundi alisimama nje ya mlango.

"Mwanangu, nilikusingizia."

"Ndiyo, Baba," alisema Chiriku. "Ulinisingizia."

"Nisamehe."

"Nitafikiria."

Jumapili mama alipika nyama. Ilikuwa ngumu. Chiriku alitafuna kwa meno ya nyuma, akanywa maji ya baridi, akaongeza kipande. Baba yake alikihamisha chake huku na huku, shavu hili mpaka lile, bila ushindi.

Chiriku alimtazama.

"Baba," alisema, "nikutafunie?"

Mama akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Fundi naye akacheka, kinywa wazi, bila kukifunika.