Fundi wa Meno na Vikasha vya Bahati

Asubuhi ninayotaka kuwasimulia, ndugu zangu, ilianza kwa utulivu. Fundi wa meno bandia alikuwa karakanani kwake, chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa, akiyang'arisha meno ya mteja kwa brashi ya kuzunguka. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alikaa upande wa pili wa meza akisahihisha madaftari. Binti yao wa miaka kumi, ambaye kwa kupenda maneno walimwita Chiriku, alikuwa akifinyanga vichwa vya wanyama kwa nta ya rangi ya waridi.

"Baba, twiga ana meno mangapi?"

"Muulize mama yako, yeye ndiye mtu wa kuhesabu."

"Nahesabu, lakini sitii mkono mdomoni mwa twiga," mwalimu akajibu, na wote watatu wakaangua kicheko.

Hapo mlango ukabishwa. Alikuwa mleta vifurushi, na boksi begani. Fundi aliinuka kama aliyechomwa sindano. Brashi akaiacha inazunguka peke yake, akalipokea boksi kwa mikono miwili na kujifungia sebuleni. Mwalimu akaizima mashine. Chiriku akamtazama mama yake, mama akayatazama madaftari. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Niwaeleze kilichokuwamo. Kuna mchezo wa mezani ambao watu hupiganisha majeshi ya kubuni: mazimwi, wachawi, mashujaa wa upanga, majoka yanayotema moto. Kila mpiganaji ni kisanamu cha plastiki kisichozidi kidole gumba, kimepakwa rangi vizuri kabisa. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ni namna vinavyouzwa: ndani ya kikasha kilichofungwa pande zote, usijue umenunua nini mpaka ukipasue. Vikasha vingi vina wapiganaji wa kawaida. Kimoja, kwa nadra sana, kina Joka Jeupe. Watu waliviita vikasha vya bahati, na Fundi alikuwa amelitafuta Joka Jeupe kwa miaka mitatu.

Alichokuwa akikipata ni Zimwi la Rungu. Lenye rungu lile lile, kitambi kile kile, jino moja limetokeza mdomoni. Alikuwa nayo arobaini na moja. Yalijaa kabati la sebuleni, yakahamia kwenye rafu ya vitabu vya Mwalimu, hatimaye yakaingia karakanani. Humo ndani ya kabati la kioo palikuwa pakikaa mifano ya plasta ya vinywa vya wateja, ile ambayo Fundi huitumia kujengea meno. Mifano ikashushwa sakafuni ndani ya maboksi. Mazimwi yakapanda kwenye kioo.

Mchezo wenyewe, je? Zamani alikuwa akiucheza kila Jumamosi na wenzake katika chumba cha nyuma cha duka la daftari na kalamu, akirudi nyumbani sauti imemkauka kwa kucheka. Siku hizi walikutana kupasua vikasha tu. Nawauliza, wasomaji wangu: mtu akiacha kula karanga akabaki anabangua maganda, utasema bado anapenda karanga?

Alhamisi moja akaingia karakanani bibi aliyenyooka mgongo, leso ameishikilia mdomoni. Alikuwa mtangazaji mstaafu wa redio. Sauti yake ilikuwa imewasomea watu taarifa ya habari tangu Fundi hajaoa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata meno yangu." Maneno yalitoka na upepo, kama yanapita kwenye tundu la ufunguo. "Jumamosi saa nane mchana mjukuu wangu anaolewa. Mama yake hayupo duniani, nimemlea mimi. Mimi ndiye wa kusimama na kusema."

Fundi akajua palepale kwamba amesahau. Akainama, akavuta boksi la chini kabisa, akafunua. Mfano wa kinywa cha bibi ulikuwa vipande vitatu. Boksi la vikasha vipya lilikuwa limewekwa juu yake.

"Mashine ilikorofisha kidogo, bibi," akasema, macho sakafuni.

Chiriku, aliyekuwa anafagia unga wa plasta, akanyanyua kichwa. "Baba, mashine ni nzima. Boksi la mazimwi ndilo lililokalia taya la bibi."

Bibi akageuka taratibu, akalitazama kabati.

"Na hawa nao ni wateja wako?"

"Hapana, bibi. Ni visanamu tu. Vya mchezo."

"Naona wao umewaweka kwenye kioo."

Hakupandisha sauti. Angemfokea ingekuwa nafuu. Fundi alihisi masikio yanawaka moto, akatamani ardhi ipasuke aingie na mazimwi yake yote.

"Kaa hapa, bibi," akasema akivuta kiti. "Nakupima upya sasa hivi. Jumamosi kabla ya saa sita meno yako yatakuwa mdomoni."

Jioni hiyo simu ikalia. Mwenye duka la daftari: toleo jipya limefika, linafunguliwa Jumamosi saa tatu asubuhi, na safari hii Joka Jeupe limo, ameahidiwa na aliyemletea. Fundi akaanza kuzungukazunguka jikoni. Akafungua friji, akaifunga. Akafungua tena.

"Sema," mkewe akamwambia. "Hilo friji halijakukosea."

"Nikiamka mapema nikapanga meno, saa tatu nitaruka dukani mara moja tu, nirudi kumalizia..."

Mwalimu akaweka kisu chini. "Baba Chiriku, mimi nafundisha watoto wa watu hesabu za bahati. Kikasha hakijui kwamba umesubiri miaka mitatu. Hakikuonei huruma, wala hakikulipi subira. Lakini hilo unalijua, nimeshakwambia mpaka nimechoka. Ninalotaka ulisikie leo ni jingine. Mimi na mtoto tumekaa kwenye boksi la chini muda mrefu kama taya la yule bibi. Sijui kama bado tuko wazima."

Akachukua kisu, akaendelea kukata vitunguu. Fundi akaenda karakanani, akayatoa mazimwi kabatini moja moja, akairudisha mifano ya watu kwenye kioo. Hakuna aliyemwamuru.

Ijumaa alifanya kazi kama alivyokuwa akifanya ujanani. Alimimina plasta akaigongagonga kutoa mapovu. Alipanga meno kwenye nta moja baada ya jingine, akampigia bibi simu mara mbili amuulize alivyokuwa akicheka zamani, kwa mdomo wazi au wa kubana. Chiriku alishika taa. Mwalimu alileta chai, na safari hii akakaa.

Jumamosi ilipogonga saa tatu, Fundi alikuwa ameinamia jino la mwisho. Simu ikatetemeka mezani, ikatetemeka tena. Akaisukumia drooni. Saa tano na nusu bibi alikuwa kitini, meno yakiwa yameingia.

"Sema sitini na saba."

"Sitini na saba."

"Sisimizi sabini na saba."

"Sisimizi sabini na saba!" Bibi akainuka mwenyewe, akaitupa leso kapuni, akajisimamisha mbele ya dirisha kama mbele ya kipaza sauti. "Hii ni taarifa ya habari. Kwa ufupi: mimi nimerudi. Wanaodhani nimezeeka, wasogee karibu wasikie vizuri!"

Chiriku alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Mwalimu alicheka akalia hapohapo. Fundi naye alipatwa na kitu kifuani, kitu cha joto, akakumbuka kwamba aliwahi kukijua. Kila alipopasua kikasha alikuwa akikitafuta na hakikuwamo.

Alasiri akamshika Chiriku mkono wakaenda dukani. Alitarajia kelele. Alikuta chumba cha nyuma kimejaa makaratasi yaliyoraruliwa, na wenzake wamekaa kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa mshindani wake mkubwa, alikuwa na kisanamu kwenye kiganja.

"Nimelipata," Kinyozi akasema.

Kweli, lilikuwa Joka Jeupe, mabawa wazi, magamba yanang'aa.

"Hongera, ndugu yangu!"

"Hongera ya nini?" Kinyozi alikuwa na uso wa mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake. "Nimelitazama tangu saa tatu. Nasubiri nifurahi. Hebu lishike wewe, labda limeharibika."

Fundi akalishika. Akasubiri moyo umruke. Moyo ulikuwa umetulia tuli. Kilikuwa kipande cha plastiki, chepesi kuliko jino.

"Mimi nilishachoka tangu mwaka jana," Mkunga akasema kutoka pembeni. Huyu ndiye aliyeanzisha kundi lao. "Kila toleo rangi inapungua, mazimwi yanaongezeka. Niliona haya kusema. Nilidhani ninyi bado mna hamu."

"Haya wewe!" Kinyozi akaruka. "Na mimi nimekuwa nikija kwa sababu yako!"

Ikawa kila mmoja anaungama, na kila anayeungama anaonekana kupungua mzigo. Fundi akasimulia habari ya taya lililovunjika, hakuficha kitu, na watu wakainamisha vichwa, maana kila mmoja alikuwa na boksi lake la chini.

Chiriku alikuwa ameokota shujaa wa upanga kwenye takataka. "Samahani, shikamooni nyote. Hivi mchezo wenyewe unachezwaje?"

Wakatazamana. Kinyozi akakuna kichwa. Watu wazima sita, na hakuna aliyekumbuka kanuni ya kwanza! Kisha mmoja akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, kicheko kikalipuka mpaka mwenye duka akaja mbio kuona kilichovunjika. Wakatafuta kijitabu cha kanuni, wakakikuta kimetiwa chini ya mguu wa meza. Wakafagia makaratasi. Wakayamwaga mazimwi yote mezani, wakacheza, na Chiriku akawachapa wote bila huruma.

Tangu siku ile kundi lile halikununua tena kikasha kilichofungwa. Walimweleza mwenye duka waziwazi: tuonyeshe tunachonunua, la sivyo baki nacho. Alinuna wiki mbili. Wiki ya tatu akavipasua vikasha vyote mwenyewe, akavipanga visanamu kwenye rafu, kila mtu achague. Meza moja ikawa tatu, kisha tano. Wake, waume na watoto waliokuwa wakiachwa nyumbani wakawa ndio wapiganaji hodari. Mwalimu aliongoza jeshi la wachawi kwa hesabu kali, hata Kinyozi akaomba asiwekwe tena mbele yake.

Na mpiganaji aliyeshangiliwa kuliko wote hakutoka kiwandani. Chiriku alifinyanga joka kwa nta, baba yake akalimimina kwa plastiki ya kutengenezea ufizi bandia, akalipandishia meno bandia ya kweli, magego na yote. Lilipotua mezani mara ya kwanza, Mkunga alicheka mpaka akashikilia ukuta. Hakuna duniani mwenye la pili.

FUNZO LA HADITHI HII

Ndugu zangu, kukusanya vitu si dhambi, na mtu mzima kucheza si aibu. Jihadharini na starehe inayowauzia kusubiri badala ya furaha. Ukiona unapasua, unatafuta, unapasua tena, na hukumbuki mara ya mwisho kucheka, simama hapo ulipo. Tazama ni nani umemshusha kwenye kioo ili kitu chako kipate nafasi, ukampandishe leo hii. Na hamu ikiisha, usione haya kuwaambia wenzako kwamba imeisha, kwani huenda wamekaa miaka wakisubiri mmoja tu aseme.