Jibu Kutoka Chumba cha Mwisho

Alama ya bawa ilikuwa upande wa ndani wa kioo.

Mtandikaji vitanda wa loji aliifuta kwa kitambaa kikavu, akaifuta tena kwa maji ya sabuni, kisha akasimama mikono kiunoni. Ndege kujigonga dirishani si habari. Loji imezungukwa na msitu, na kioo humwonyesha ndege miti ambayo haipo. Lakini ndege hujigonga kutoka nje. Huyu alijigonga akiwa ndani, manyoya yote yamejichora kwa vumbi jeupe, na chumba chenyewe hakikuwa kimelaza mtu tangu mgeni mmoja mzee, mgonjwa wa goti, alipoondoka.

"Nani amefuga kuku humu?" alifoka, maana huyu mama alizoea kugomba kwanza, kuogopa baadaye.

Palinuka manyoya yaliyoloa.

Mumewe ndiye aliyewaongoza wageni waliokuja kutazama ndege. Hakuhitaji spika wala simu. Aliwaita ndege kwa mluzi wa mdomo wake, nao wakaja. Aliyempa sifa zaidi ni ndege mweusi wa vichakani, anayeimba kwa kupokezana na mwenzake: dume hupiga milio miwili ya haraka, jike humalizia kwa mmoja mrefu, ukaapa ni ndege mmoja tu.

Siku hizi mwongozaji alikuwa amepungua maneno. Asubuhi ile mkewe alimkuta jikoni.

"Baba watoto, chai tayari. Unaletewa au unakuja?"

Akajibiwa kwa mluzi.

"Unanipigia mluzi? Mimi mbwa?"

Mume alifungua kinywa kujitetea. Midomo ikajikunja yenyewe, milio miwili ikatoka, na jasho likamtoka. Kisha kutoka chumba cha mwisho, ambacho ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mkewe, mlio mmoja mrefu ukamalizia.

Kikombe kilimponyoka mama. Hakukiokota.

Tangu hapo haukupita usiku wa kulala, kwa sababu mume alipiga mluzi macho yakiwa wazi, na kila alipopiga alijibiwa, kwanza kutoka kule mwisho, halafu kutoka ukutani, halafu kutoka chini ya kitanda chao wenyewe, na harufu ya manyoya mabichi ikapanda mpaka kwenye mito, na kila kulipokucha alibaki na maneno machache kuliko jana, hata jina la mwanawe wa kwanza akalitafuta mdomoni asilipate. Mama akaona wazi kwamba mumewe anachukuliwa, neno kwa neno, naye yupo anaangalia.

Akampigia simu shangazi wa mumewe, mwanamke anayejulikana kwa kutoa majini na kwa kutobembeleza mtu.

Shangazi alifika mchana, akanusa chumba cha mwisho, akamgeukia mwongozaji.

"Ulimwita ukiwa wapi?"

Mume alisukuma maneno kama anayesukuma gari bovu. "Ndani. Nyuma ya kioo."

Mengine yakatoka kwa shida. Mzee wa goti hakuweza kushuka msituni, na alikuwa amesafiri mbali kwa ajili ya ndege yule. Basi mwongozaji alikaa kitandani mwake, dirisha limefungwa, akapiga mluzi, sauti ikapenya kwenye matundu ya hewa. Alijua si sawa. Ndege huitwa mahali penye njia ya kupita. Jike likaja mbio, likagonga kioo, likafa. Alilifunga kwenye foronya akalitupa kichakani, akamwambia mzee limeruka.

"Ndiyo maana foronya yangu moja haionekani!" mke alisema.

"Nyamaza na foronya zako," shangazi alinong'ona. "Yule ndege alikuwa kiti cha jini wa msitu huu, ndimo alimokaa. Kiti kimevunjika, jini mwenyewe amebaki humu. Ameitwa, amekuja, sasa anadai mume. Toeni hicho kioo."

Kioo kikatolewa, ubani ukawashwa. Mume alipelekwa ukingoni mwa msitu aite kutoka huko, ili aliyemo atoke kwa kufuata sauti.

"Wewe mkwe wangu, simama dirishani, ulishike pazia wazi apite, ufunge mdomo. Hata akikugusa. Hata kumtukana usimtukane. Ukimfungulia mdomo, umemfungulia mlango."

"Shangazi, mimi si mtoto."

"Ndiyo hofu yangu. Mtoto angenyamaza."

Nje, milio miwili. Ndani, nyuma ya kabati, mmoja mrefu. Tena miwili, na sasa jibu likatoka juu ya kitanda, shuka zikajikunja kana kwamba kuna anayezikanyaga kwa kucha, moshi wa ubani ukapasuka katikati kupisha kitu kisichoonekana, kikaja polepole kuelekea dirishani, kikasimama mbele ya uso wa mama, kimeloa, kinahema, kikampapasa shavu kwa bawa, taratibu, kama mke mkubwa anavyompapasa mke mdogo, na hapo hasira zikampanda mpaka utosini.

"Toka, mwizi wa waume!"

Pazia likapeperuka nje.

Kule ukingoni mume alipiga kelele, kwa maneno ya watu: "Mama watoto! Naongea! Naongea!"

Mama alikimbia kumkumbatia. Shangazi alibaki dirishani, akimtazama mama mgongoni, na pesa ya nauli aliyopewa akaikataa.

Asubuhi iliyofuata mwongozaji aliwapanga wageni wapya mbele ya vichaka, mbali na nyumba, akieleza bila kukwama. Hakupiga mluzi, aliapa hatapiga tena. Lakini msituni lile dume lililofiwa likapiga lenyewe, milio miwili ya haraka.

Jibu likaja hapo hapo, moja, refu, tamu, kutoka nyuma yao.

"Jike lile pale!" mgeni mmoja alishangilia.

Darubini zote ziligeuka kwenye kamba ya nguo, aliposimama mama na shuka iliyoloa mkononi, mdomo wazi, macho yakimwomba mumewe. Mumewe peke yake hakuinua darubini.